Ukurasa wa mwisho

Juzi Jumamosi nilikuwa nakaanga maandazi, binti yangu akaja kusimama mlangoni mwa jikoni na kitabu mkononi.

"Mama, hiki kimechanwa mwishoni. Sasa nani alikuwa anawaua wale wagonjwa?"

Alikuwa amekichokonoa kwenye lile boksi tulilohama nalo nyumba tatu bila kulifungua. Nilipoliona jalada, mkono ulisita juu ya karai. Nikamwambia tutaongea baadaye. Hiyo baadaye ikawa usiku, yeye amejikunja kitandani kwangu, ndipo nikagundua kwamba miaka yote hii sijawahi kukisimulia kisa hiki kuanzia mwanzo, hata kwa baba yake.

Ni riwaya ya Kiingereza niliyoinunua nilipokuwa muuguzi Uingereza, kwa peni hamsini katika duka la mitumba karibu na kituo cha basi. Tangu Tanga, enzi zile za barabara ya kumi na mbili, nilipokuwa nikimwibia kaka yangu riwaya zake za upelelezi na kuzisomea uani nyuma ya pipa la maji, sijaweza kukipita kitabu cha namna hiyo nikakiacha. Hiki kilinivuta zaidi kwa sababu ni mambo ya hospitali. Wagonjwa wanakufa mmoja mmoja katika wodi moja, na wote walikuwa wanaendelea vizuri. Daktari mmoja anashtuka, anachimba, anakuta majibu ya damu yaliyoko kwenye kompyuta siyo yale yaliyotoka maabara. Kuna mtu anaingia usiku kwenye mfumo, anasogeza nukta moja, anatoka. Wauguzi wanatoa dawa kwa kuiamini skrini.

Nilikuwa nakisoma kwenye basi asubuhi, nikifika kazini naitazama skrini yetu kwa jicho jingine.

Kulikuwa na mzee mmoja kitanda cha dirishani, mchimbaji wa makaa ya mawe wa zamani, figo zake zimechoka. Aliniona siku moja na kitabu kile mfukoni, akaniuliza kinahusu nini. Basi ikawa desturi. Kila asubuhi nikimpima presha ananiuliza tumefika wapi, nami namsimulia sura ya jana. Yeye alishaamua kwamba muuaji ni daktari wa usingizi. Mimi nilimshuku mfamasia. Alikuwa akinisikiliza amefumba macho, kama marehemu babu yangu alivyokuwa akisikiliza redio.

Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017 nilikuwa zamu ya kutwa. Saa sita na nusu nikamtoa mzee damu, kwa sababu asubuhi hiyo miguu yake ilikuwa imelegea na hakutaka chai. Nikaandika ni ya haraka, nikaipeleka maabara. Kwenye saa saba na kitu karani wa wodi akaniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Skrini yake ilikuwa na dirisha jekundu, kufuli limechorwa juu, na kushoto saa mbili zinahesabu kurudi nyuma. Mafaili yako yamefungwa. Lipa dola 300 kwa bitcoin. Ukichelewa siku tatu zinakuwa 600, zikipita siku saba huyaoni tena. Pembeni kulikuwa na orodha ya lugha, uchague unayotaka kutishwa nayo. Baadaye nilisoma kwamba zilikuwa 28. Nilikitafuta Kiswahili, sijui kwa nini. Hakikuwamo.

Mengine mliyaona kwenye habari. Ndani ya nusu saa tuliambiwa tuzime kila mashine na kuchomoa nyaya ukutani, hata zile ambazo hazijaguswa. Kirusi kile, WannaCry, kilikuwa kinaruka chenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia ufa wa Windows ambao Microsoft walikuwa wametoa kiraka chake mwezi Machi, karibu miezi miwili kabla. Kompyuta zilizokuwa hazijawekewa kiraka ndizo zilizoumia. Karibu theluthi moja ya mashirika ya hospitali za umma za Uingereza yalivurugika kwa namna moja au nyingine, mengine kwa kupigwa, mengine kwa kujizima kabla hayajapigwa. Na alasiri hiyo hiyo, kijana wa miaka 22 huko kusini magharibi, Marcus Hutchins, aliona ndani ya kirusi jina la tovuti isiyokuwepo, akalisajili kwa dola zisizofika kumi na moja, na kirusi kikaacha kusambaa. Sisi wodini hatukujua. Kwetu skrini zilikuwa nyeusi, na zilibaki nyeusi.

Sista wa zamu alikuwa mwanamke wa makamo ambaye alianza kazi kabla ya kompyuta, na siku ile nilimshukuru Mungu kwa umri wake. Alitoa ubao, akachora vitanda vyote kwa kalamu. Akawatuma wanafunzi wawili kazi ya kukimbia maabara na kurudi. Kisha akanielekeza kwenye simu ya ukutani, ile ya zamani iliyokuwa bado inafanya kazi. "Hujala. Kaa hapa ule, na simu hii usiiache mpaka nikuondoe."

Nikakaa kwenye kigoda chini ya simu. Chapati yangu ya kukunja kwenye goti moja, kitabu kwenye goti la pili. Nilikuwa nimebakiza ukurasa mmoja na nusu. Nakumbuka daktari wa kwenye kitabu amesimama mbele ya mlango wa chumba cha kompyuta, mwanga unatoka chini ya mlango, anashika kitasa. Ukurasa ukaishia hapo. Nilikuwa nimelowesha kidole nifunue.

Simu ikalia.

Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini. Mwanamume wa maabara alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi. Akataja jina la mzee, tarehe ya kuzaliwa, namba. Nikapapasa meza, karatasi zote zilikuwa zimeshachukuliwa. Nikageuza karatasi ya mwisho ya kitabu, nyuma yake ilikuwa nyeupe tupu, nikaandika hapo. Wino wa kalamu yangu ulikuwa unakatika kwa sababu ya mafuta ya chapati, ikabidi nirudie kila herufi mara mbili.

"Potasiamu," akasema. "Sita nukta nane."

Nikaandika 6. Nikaweka nukta. Na hapo, ndugu zangu, mkono wangu uligoma. Wiki nzima nilikuwa nimesoma kitabu kinachohusu nukta iliyosogezwa. Mashine zote jengoni zimetekwa na watu tusiowajua. Na huyu anayenisomea ni sauti tu, simjui uso. Vipi kama si mtu wa maabara? Najua ilikuwa mawazo ya uchovu, lakini yalinipitia, na yalinipitia wakati mtu ana potasiamu ya kuweza kuusimamisha moyo.

"Rudia tafadhali."

"Sita. Nukta. Nane. Nisomee ulichoandika."

Nikamsomea jina, tarehe, namba, tarakimu. Akasema sawa. Kisha, kwa sauti ya chini kabisa: "Samahani, dada. Damu yake ilikaa kwenye foleni. Tunaandika kila kitu kwa mkono."

Nilikimbia na kitabu mkononi. Daktari kijana nilimkuta wodi ya pili. Tulimpima mzee umeme wa moyo, na mawimbi kwenye karatasi yalikuwa yamechongoka kama paa za mahema. Akachomwa kalisiamu kwenye mshipa, polepole, daktari anatazama skrini ya moyo na mimi natazama midomo ya mzee. Kisha insulini pamoja na sukari, kuirudisha ile potasiamu ndani ya seli. Mawimbi yakaanza kushuka. Mzee akafumbua jicho moja, akakiona kitabu nilichokuwa nimekibana kwapani.

"Ni yule wa usingizi, siyo?"

Nikamwambia sijafika.

Sista alipokuja akaniuliza majibu nimeyaandika wapi. Nikamwonyesha. Nilitegemea aniambie nihamishie kwenye fomu, na kweli aliniambia, lakini akaongeza kwamba ile ya kwanza ndiyo kumbukumbu halisi, ina saa na ina jina la aliyepiga, haitoki nje ya faili. Basi nikaichana karatasi ile, nikaibana kwenye faili la mzee. Upande mmoja potasiamu yake, upande wa pili mwisho wa hadithi, ambao sikuwa nimesoma hata mstari. Ningeweza kuugeuza nikaupitia macho kwa sekunde kumi. Sikuweza. Ilionekana kama utovu wa adabu mbele ya mtu aliyelala pale.

Saa moja na nusu jioni walikuja kumchukua, wampeleke hospitali nyingine yenye mashine za kusafisha damu. Kwa kuwa hakukuwa na kompyuta ya kutuma chochote, faili lote la karatasi lilikwenda naye, limewekwa juu ya blanketi, miguuni pake. Alinipungia vidole viwili. Saa mbili usiku nikatoka zamu.

Niliporudi Jumapili kitanda cha dirishani kilikuwa na mtu mwingine.

Sikujua kilichompata, na mpaka leo sijui. Mashine zilirudi taratibu, siku baada ya siku, na usiku mmoja wa zamu nilikaa peke yangu mbele ya skrini iliyofunguka, namba yake naikumbuka kichwani. Ilikuwa ni kuandika tu na kubofya. Lakini hakuwa tena mgonjwa wangu. Kumfungulia mtu rekodi zake kwa sababu tu roho inataka kujua ni kosa kwenye kazi yetu, na nchi ile ina sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta tangu 1990 ambayo haiulizi kama ulikuwa na nia njema. Vidole vilikuwa juu ya kibodi. Nilifikiria yule mtu wa kwenye riwaya anayeingia usiku. Nikatoka kwenye mfumo, nikaenda kugeuza wagonjwa.

Taarifa za serikali zilisema baadaye kwamba hakuna mgonjwa aliyeripotiwa kudhurika na kirusi kile. Nimezisoma mara nyingi, na nataka kuziamini. Lakini damu niliyoitoa saa sita na nusu, kwa kawaida jibu lake ningelipata kabla ya saa nane. Nilipata saa kumi na dakika ishirini. Zile saa mbili na zaidi zilifanya nini kwenye moyo wa mzee yule, sina wa kumuuliza. Mwaka 2018 Wamarekani walimfungulia mashtaka mtu mmoja wa Korea Kaskazini kwa kirusi kile, jina lake likatangazwa. Nililitazama lile jina muda mrefu. Hakuwahi kusikia habari za mchimbaji wa makaa kitanda cha dirishani. Kwenye riwaya, muuaji anamjua kila anayemuua.

Hayo ndiyo niliyomwambia binti yangu. Alinyamaza, kisha akakifungua kitabu mwishoni, akakisogeza karibu na taa. Karatasi ilipochanika imeacha utepe mwembamba ulioshikamana na gundi, na juu yake herufi moja moja, mbili mbili, za mwanzo wa kila mstari. Alijaribu kuzisoma kutoka juu kwenda chini, kidole kikifuata. Yeye anamshuku karani.

"Naweza kutafuta mwisho wake kwenye simu sasa hivi," akasema, na simu alikuwa nayo mkononi tayari.

Nikamwambia asubiri kwanza.

"Tusubiri nini, Mama?"