Njia za faili: kutoka Windows hadi Linux

Ukiandika Python kwenye Windows hapa Arusha, kisha programu ikapelekwa kwenye seva ya Linux, achana kwanza na mkwaju wa nyuma (\) kwenye njia za faili. Tazama "data\njiro.csv": Python husoma \n kuwa mstari mpya, basi inatafuta faili ambayo haipo. "data\tengeru.csv" inaingiwa na tabo katikati, kwa sababu ya \t. Na "data\usa_river.csv" haiendeshwi kabisa; \u inadai tarakimu nne za heksadesimali (0-9 na a-f), ikizikosa unapata SyntaxError, yaani kosa la uandishi wa msimbo. Majina ya maeneo yetu yananasa kirahisi mno.

Tumia pathlib, maktaba ya Python ya kushughulikia njia za faili:

from pathlib import Path
MSINGI = Path(__file__).resolve().parent
faili = MSINGI / "data" / "njiro.csv"

Alama ya / hapo inaunganisha vipande, na kila mfumo unapata kitenganishi chake. Hiyo __file__, yaani njia ya faili ya msimbo wenyewe, usiiruke: bila yake, njia huhesabiwa kuanzia folda uliyomo unapoendesha programu, si pale msimbo ulipo.

Herufi kubwa pathlib haikutibii. Kwa kawaida Windows huona Njiro.csv na njiro.csv kuwa faili moja. Kwa Linux ni mbili. Andika majina yote kwa herufi ndogo. Na usiite faili aux.py, Windows imelihifadhi jina hilo.