Nilivyochagua chuo cha digrii ya uuguzi nikiwa na miaka 41

Nilipotangaza kwamba mimi, nesi wa diploma, nakwenda kusoma digrii, kila mtu aligeuka mshauri. Shemeji yangu alisema nichukue maendeleo ya jamii, maana uuguzi na watoto watatu nitashindwa. Mwenzangu wa zamu akasema chuo ni chuo, cheti ndicho kinachopandisha daraja. Aliyeniudhi kuliko wote ni mwalimu mmoja wa mtaani kwetu. Alifungua kitabu cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, mbele yangu, akanionyesha kwamba sina ufaulu wa Kemia na Baiolojia wa kidato cha sita, hivyo nisipoteze hela ya maombi.

Kidato cha sita sikusoma, nilitoka kidato cha nne nikaenda diploma ya uuguzi. Kitabu alichokishika kilikuwa cha watu wengine! Tume ya Vyuo Vikuu hutoa miongozo miwili ya udahili: mmoja wa waliomaliza kidato cha sita, mwingine wa wenye stashahada. Kwenye huo wa pili nilikuta wanaangalia GPA ya diploma, yaani wastani wa alama, kuanzia 3.0, na ufaulu wa masomo ya kidato cha nne, hasa sayansi. Vyote ninavyo. Mpaka leo nikikumbuka wauguzi wenzangu walioacha kuomba kwa sababu walionyeshwa kitabu kisichowahusu, roho inaniuma.

Namba ya uhakiki ya diploma, ile AVN ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, niliiomba mapema. Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ilikuwa hai. Ruhusa ya mwajiri ilizunguka ofisini kwa muda wake, ikatoka.

Mkopo sikuuwekea matumaini, kwa sababu Bodi ya Mikopo inataka mwombaji asizidi miaka 35. Kwa hiyo nilikuwa nachagua kwa mfuko wangu. Tangu usichana ndoto yangu ilikuwa Muhimbili, na ada ya chuo cha serikali ilikuwa nafuu sana ukilinganisha na vya binafsi na vya taasisi za dini. Lakini mtu mzima hasomi kwa ada peke yake. Niliweka kodi ya chumba Dar es Salaam, nauli ya basi la Mwanza kila likizo, mshahara wa dada wa kukaa na watoto, na chakula cha nyumba mbili. Nafuu yote ikayeyuka. Aga Khan nao niliwaulizia, kwa sababu wanafahamika kwa kuwasomesha wauguzi walio kazini, lakini bado ilikuwa Dar. Bugando, hapa kwetu Mwanza, ada ilikuwa kubwa zaidi, ila ningelala kwangu Igoma na kupanda daladala asubuhi.

Hata hivyo sikutaka kwenda Bugando kwa sababu ya ukaribu tu. Nilitaka kujua wanafunzi wa kila chuo wanafundishwa nini wodini, na hilo hakuna tangazo litakalokueleza. Hapa ndipo nilipotumia akili ninayojivunia.

Kituoni kwetu hupokea wanafunzi wa mazoezi kutoka vyuo mbalimbali, na nilianza kuwaomba vitabu vyao vya mazoezi, vile vinavyosainiwa kila wanapofanya jambo. Mtu hudanganya kwa mdomo usijue, lakini kitabu kikidanganya kinajionyesha. Kimoja nilikikuta ukurasa mzima wa leba umesainiwa kwa kalamu moja, mkono mmoja, tarehe zikifuatana kama zilivyopangwa mezani: kuzalisha, kujaza partografu (ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama), kumpokea mtoto, vyote safi, hakuna hata doa la maji. Nikamuuliza yule binti, “Mwanangu, partografu ya mwisho uliijaza lini wewe mwenyewe?” Akainama, akaniambia, “Sista, tulikuwa kumi na wawili kwa mama mmoja, mimi nilikuwa nyuma.” Sikumlaumu. Amelipa ada kamili na kitandani hakufika.

Kitabu kingine kilikuwa kimekunjwa pembe, kina saini za watu tofauti, na pembeni mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: rudia, hukuhesabu mapigo ya moyo wa mtoto baada ya mkazo. Kilikuwa cha kijana wa Bugando. Nilimkalisha nikampa chai, nikamuuliza maswali yangu yote. Mwalimu wa chuo anakuja wodini au anawaachia manesi wa zamu? Mpo wangapi kwa kitanda kimoja? Sapu, ile mitihani ya marudio, zinafanyika lini, na watu wanadisko, yaani wanaondolewa chuoni kwa kufeli, kwa masomo gani? Wapo watu wazima darasani? Alijibu bila kuzungukazunguka. Sapu ni swali ambalo wenzangu hawaulizi, wakati ukiwa na familia tarehe ya sapu inaweza kuangukia ule muda uliowaahidi watoto wako na mwajiri wako.

Baadaye nilipanda mwenyewe Bugando kwenye mabadiliko ya zamu ya asubuhi, nikasimama korido ya wodi kama ndugu wa mgonjwa. Niliona wanafunzi wakipokea wagonjwa kitanda kwa kitanda, mwalimu akiwa katikati yao anauliza. Hospitali ile inapokea rufaa za Kanda ya Ziwa nzima, na mtu anayejifunza pale atakutana na kila aina ya mgonjwa. Moyo ukatulia.

Kabla ya hapo kuna chuo kimoja, jina naliacha, kilikuwa kinanipigia simu karibu kila jioni. Ofisa wao aliniahidi digrii ya uuguzi ya Jumamosi na Jumapili tu, kazi naendelea kama kawaida. Nikamuuliza leba nitaifanyia wodi gani na nani atanisimamia. Akasema hayo tutayaongea nikishalipa kiasi cha kuanzia. Nikafungua mwongozo: programu hiyo haikuwemo. Ukiambiwa kuna njia ya mkato ya uuguzi, itafute kwanza kwenye mwongozo wa TCU, na usitoe hata shilingi kabla hujaiona.

Maombi siku hizi unapeleka chuoni moja kwa moja, na ukichaguliwa zaidi ya kimoja unatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha unakokwenda. Nilijazia steshenari kwa sababu ya skana yao. Kijana wa pale steshenari alikuwa ameshaandika namba ya simu yake kwenye fomu yangu. “Mama, huwa tunafanya hivi kwa wateja wote.” Nikamwambia, “Mwanangu, futa, weka yangu nikiona.” Akafuta. Majibu yalipotoka nilikuwa nimechaguliwa vyuo viwili, na ile namba ya siri iliingia kwenye simu yangu nikiwa zamu ya usiku. Nilithibitisha Bugando palepale. Sasa niko mwaka wa tatu wa minne, na zamu yangu ya wiki hii ni leba.