Tulivyompeleka Mama Norfolk mjukuu wake akabidhiwe manowari

Niseme kwanza mie si mtu wa kusafiri. Mbali zaidi nilikokuwa nimefika kabla ya hapa ni Dar, na hiyo ilikuwa harusi, nikarudi na basi. Kwa hiyo mpwa wangu aliponipigia simu Januari akaniambia "Mjomba, Juni napewa meli, nataka wewe na Bibi muwepo" nikacheka tu, nikamuuliza meli gani mwanangu, nikidhani ni hizi za watalii. Akasema distroya, meli ya vita. Nikanyamaza kidogo.

Huyu ni mtoto wa dadangu. Kazaliwa Mombasa, akaondoka na mamake kwenda New Jersey akiwa na miaka 9, akasoma huko, jeshi la majini la Marekani likamlipia karo ya chuo kwa mkataba kwamba akimaliza atawatumikia, na akamaliza akawatumikia, na sisi huku tukingoja atoke baada ya miaka minne mitano aje aolewe tule pilau. Wapi. Sasa ana miaka 40, cheo chake ni Commander, na hapo katikati mwaka na nusu alikuwa msaidizi wa kamanda kwenye meli hiyo hiyo, wanamwita XO. Utaratibu wao ndio huo, XO anakaa chini ya kamanda anajifunza meli mpaka misumari, kisha kamanda akiondoka yeye anapanda. Jina la meli sitalitaja wala lake, kaniomba mwenyewe.

Sasa ili uelewe kwa nini nilikopa pesa ya tiketi lazima nikwambie habari ya marehemu babangu. Mzee alifanya kazi kwenye tagi, zile boti fupi nene za bandarini Kilindini zinazovuta na kusukuma meli kubwa. Mwaka 1980 serikali ya Kenya ilikubaliana na Wamarekani meli zao za vita ziwe zinatumia bandari ya Mombasa, na miaka ile mie mdogo zilikuwa zikiingia kila mara, na zikiingia mji mzima unajua, teksi zinapandisha bei, vinyago vinauzwa kama maandazi. Babangu alikuwa akirudi usiku ananuka dizeli anatwambia leo nimesukuma manowari. Neno lenyewe manowari tumelitoa kwa Waingereza tangu zamani, ile man-of-war yao, tukaifanya yetu, na kwa babangu lilikuwa neno la karibu kuliko neno gari. Lakini hakuwahi kupanda hata moja. Kamba inarushwa kutoka juu, yeye anaifunga, anasukuma ubavu wa meli, anarudi nyumbani. Miaka ishirini na kitu. Kafa 2003.

Bas tukaanza safari, mie na Mama, yeye ana miaka 76 na magoti mabovu. Mombasa mpaka Nairobi kwa treni ya SGR, Mama kakaa dirishani anahesabu ndovu wa Tsavo, akapata wanne na mmoja nadhani alikuwa jiwe. Nairobi tukalala kwa ndugu, kesho yake ndege ya moja kwa moja mpaka New York, masaa kama 15. Sitaielezea manake hakuna cha kueleza, unakaa, unakula, unasinzia, shingo inauma, unaangalia ramani kwenye kioo bado uko juu ya Atlantiki.

Dadangu akatupokea na baada ya siku mbili tukaondoka New Jersey kwa gari kwenda Norfolk, Virginia. Yeye hapendi ile barabara kubwa ya kupitia Washington, anasema foleni yake itakufanya uzeeke, akachukua ya pwani inayoshuka Delaware, Maryland, halafu kile kipande cha Virginia kilichojitenga ng'ambo ya ghuba ya Chesapeake. Mashamba ya mahindi, mabanda ya kuku marefu kama maghala ya bandari, makanisa madogo madogo. Mama akasema hapa kama ni Marekani mbona pametulia hivi.

Halafu ukafika mwisho wa nchi. Kweli kabisa, barabara inaingia baharini. Ile daraja ya Chesapeake ni karibu kilomita 28, ilifunguliwa 1964, na ajabu yake si urefu, ajabu ni kwamba ukishakwenda kwenda juu ya maji daraja inazama, unaingia kwenye handaki chini ya bahari, unatokea kisiwa cha mawe, unapanda tena juu. Mara mbili hivyo. Dadangu akatueleza sababu ni manowari, kambi ya jeshi la majini iko ndani ya ghuba, sasa wangejenga daraja tupu na siku moja likaanguka au likapigwa bomu, meli zote zimefungiwa ndani kama kuku. Kwa hiyo pale njia ya meli inapopita wakapitisha magari chini. Mie nikawaza Likoni. Sisi kivuko cha mita kama mia tano tunasukumana na mbuzi na mikokoteni kwenye feri tangu nizaliwe, na hawa wanachimba chini ya bahari meli zipite vizuri. Mama yeye alikuwa kafumba macho anasoma Ayatul Kursi mpaka tukatoka upande wa pili.

Usiku mpwa wangu akaja hotelini kutuamkia. Shikamoo Bibi, shikamoo Mjomba, Kiswahili chake bado kizuri ila kina baridi kidogo, kama chai iliyosahauliwa. Tukala, tukacheka, halafu Mama akamuuliza lile ambalo mie nilikuwa nalikwepa tangu Mombasa. Lazima ujue babake Mama alikuwa Mshihiri, alikuja na jahazi kutoka Hadhramaut, Yemen, kijana, na mpaka leo tuna ndugu kule, wengine tunaongea nao kwa WhatsApp sikukuu. Na sote tuliona Januari 2024 Marekani na Uingereza walivyoanza kupiga Yemen, na makombora ya Tomahawk yalitoka kwenye distroya kama hizi hizi. Mama akamuuliza, hayo makombora ya meli yako yanakwenda wapi?

Akasema, "Mengi ni ya kuangusha makombora ya wengine yasitufikie, Bibi."

Mama akasema, "Mengi."

Akanyamaza. Mpwa wangu hakubisha wala hakujitetea, akamshika mkono tu wakakaa hivyo, na baadaye akatupa mfano wa USS Gravely, distroya ya hapo hapo Norfolk, kwamba mwezi huo huo kwenye Bahari ya Shamu kombora liliifikia karibu kama maili moja mpaka ikabidi itumie ile bunduki ya mwisho kabisa, Phalanx, inayojilenga yenyewe. Huyo Gravely mwenyewe, Samuel Gravely, ndiye mweusi wa kwanza kupewa ukamanda wa meli ya vita ya Marekani, mwaka 1962, na 1971 akawa admirali. Mpwa wangu akasema yeye anapolala kwenye meli hawazi nani atampiga, anawaza wale watoto wa miaka 19 waliolala chini yake. Mie sikuwa na la kuongeza. Ukweli ni kwamba nilikuwa na fahari mpaka kooni na bado nilimwelewa Mama, na mpaka leo sijaweza kuchagua moja.

Asubuhi getini tukakwama dakika arobaini, na kosa ni langu peke yangu. Wiki kadhaa kabla walitaka majina na tarehe za kuzaliwa za wageni wasio Wamarekani, nikajaza ya Mama 04/11 yaani Novemba tarehe nne kama tunavyoandika binadamu wote, wao wanasoma mwezi kwanza, kwa hiyo kwenye orodha yao Mama kazaliwa Aprili na kwenye pasipoti kazaliwa Novemba. Kijana wa getini mpole sana ila hasogei. Mpaka akaja afisa kutoka melini akatuchukua.

Ile kambi ndiyo kubwa kuliko zote za jeshi la majini duniani na ukiingia unaamini. Gati baada ya gati baada ya gati, na kila gati kuna vyuma vya kijivu vimepangana. Meli ya mpwa wangu ni ya aina ya Arleigh Burke, urefu kama mita 155, upana 20, tani 9,200 hivi. Ukisimama chini yake si kubwa ya kutisha kama za kontena tulizozizoea, ila ina sura ya kisu. Kuta zake zimelazwa lazwa ili rada za watu zisiione vizuri, na kwenye kibanda cha juu kuna vibao bapa vya pembe nane vimebandikwa pande zote, nikadhani ni mapambo kumbe ndiyo rada yenyewe, haizunguki, inaangalia kote kwa pamoja, na ndiyo macho ya ule mfumo wao wa kujilinda na kupiga unaoitwa Aegis.

Walitutembeza kidogo. Ngazi za ndani zimesimama wima kama za kupandia mnazi, kwa hiyo Mama akabaki kwenye deki ya nyuma, pale helikopta zinapotua, kawekewa kiti na mwamvuli kama bibi harusi. Mie nikaonyeshwa vifuniko vya makombora, 96, vimelala sakafuni kama mabokosi ya posta, unaweza kupita karibu yake bila kujua. Nikaambiwa injini ni nne za gesi, jamaa ya zile za ndege kubwa, nguvu farasi 100,000, meli inapita maili 30 za baharini kwa saa. Chumba chao cha mapambano hatukuruhusiwa. Jikoni tuliruhusiwa, watu mia tatu na zaidi wanakula hapo, na harufu ilikuwa ya bekoni na kahawa ya kuungua.

Sherehe yenyewe ilikuwa hapo hapo deki ya nyuma. Sare nyeupe tupu, jua linachoma, huwezi kuwatazama bila kukunja macho. Wageni wakubwa wakipanda, mabaharia wamejipanga mistari miwili wanapiga saluti, serahangi, msimamizi wa mabaharia, anapuliza kifilimbi chembamba chenye sauti ya ndege, na kengele inagongwa kwa hesabu ya cheo. Commander ni nne. Kamanda anayeondoka akahutubia, akalia kidogo, akasoma amri yake ya uhamisho. Kisha mpwa wangu akasoma yake. Halafu akamgeukia, saluti, akamwambia maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama "nakupokea zamu bwana" na yule akajibu nimepokewa. Kwisha. Sekunde tano sita. Kule Mombasa askari wa lindo wanapokezana geti kwa maneno hayo hayo saa kumi na mbili asubuhi, na hapa imehama meli ya dola bilioni na roho mia tatu. Nilitegemea mzinga ulie, kitu.

Baada ya hapo ni beji. Kuna beji ya ukamanda wa baharini, nyota na nanga, na mila ni mtu wa familia aibandike. Mpwa wangu akamuita Bibi. Mama kaja na buibui lake na kile kiatu cha raba, anatetemeka, akainua mkono akaanza kuibandika kifua cha kushoto upande wa moyo, na mpwa wangu akamnong'oneza kwa Kiswahili mbele ya maadmirali, "Bibi, kulia, kushoto ni ya waliomaliza." Manake ukiwa unaongoza unaivaa kulia, ukishakabidhi ndio inahamia kushoto. Mama akacheka kwa sauti, akamchoma na pini, akambandika kulia. Dadangu alikuwa analia mpaka miwani imejaa maji.

Keki ikakatwa kwa upanga. Sisi tulibeba halua ya Mombasa makopo manne, na yule serahangi, dume la miraba minne lenye chale za nanga mikono yote miwili, alikula nusu kopo peke yake akauliza ni gundi au ni peremende, akaendelea kula.

Kabla ya kutoka kambini dadangu akatupitisha kwenye kumbukumbu ya USS Cole. Distroya ya aina hii hii, iliyopigwa na boti ya mabomu Aden, Yemen, tarehe 12 Oktoba 2000 ikiwa inajaza mafuta, wakafa mabaharia 17. Mawe yamesimama duara kando ya maji na misonobari 28, 17 ya waliokufa na 11 ya watoto waliowaacha. Meli ilitengenezwa, bado inatembea. Mama akauliza Aden bandari ipi, tukamwambia ile ile, akasema babake alikaa pale miezi akingoja upepo. Akasoma Fatiha. Sijui aliwasomea akina nani na sikumuuliza.

Jioni mpwa wangu akaja kutuaga pale gatini, bado na sare. Nikasema tupige picha na meli yako nyuma. Mama akakataa. Akaonyesha kule mwisho wa gati, tagi mbili zilikuwa zinaisogeza distroya nyengine ubavu kwa ubavu, manake hizi meli pamoja na ukali wake wote kuingia gatini mara nyingi zinasukumwa. Akataka picha iwe na tagi. Basi tukageuka, mpwa wangu katikati, mie nimeshika simu, na Mama badala ya kutazama kamera katazama kule majini kwa muda mrefu halafu akasema ile kamba ya nyuma wameilegeza mno, babako angewagombeza.