Mto Umba hauombi pasi

Nikiwaambia watu wa Mombasa kwamba kwetu ni Vanga, wengi huniuliza, "Kule mwisho wa Kenya?" Ukiangalia ramani utawaelewa. Ukifika Lunga Lunga unaiacha barabara kuu iendelee zake Horohoro na Tanga, unakata kushoto, unakwenda hadi nchi inapokwisha kwenye mikoko. Lakini mimi nimelelewa pale, na maisha yetu hayakuwahi kuishia pale. Shangazi yangu ameolewa Moa, ng'ambo ya mpaka, Tanzania. Binamu zangu wako Jasini, huko huko. Kukiwa na harusi, ngalawa na bodaboda hupeleka watu upande wa pili, na sufuria za pilau hazina uraia.

Mstari wenyewe ulichorwa na watu wasiotujua. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mpaka wao uanzie mdomoni mwa Mto Umba, ukate bara hadi Ziwa Jipe na kuendelea. Baadaye ulisogezwa kidogo, na leo unafika baharini Ras Jimbo. Wavumba, Wadigo na Wasegeju walikuwapo zamani. Vumba Kuu, mji wa kale wa Wavumba, ilikuwa na madiwani wake, yaani watawala, karne nyingi kabla ya hapo. Januari 1915 wakubwa hao wawili walipigana Jasini. Askari wa Kihindi waliokuwa chini ya Waingereza walizingirwa siku mbili, kisha wakajisalimisha. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alishinda, ila alipoteza maofisa na risasi nyingi mno, ndiyo maana akaanza kukwepa mapigano makubwa. Vitabu vya vita huipa Jasini kurasa zake, ila wenyeji waliokuwa wakilima pale sijawaona humo, na hilo linaniuma.

Siku hizi mpaka unauona kwenye simu kwanza. Ukiwa kijijini Jimbo, mtandao unaweza kuhamia Tanzania wakati wewe umekaa tu kwenye jamvi. Dukani shilingi zote mbili zinajulikana, na watoto wanaotumwa sukari hupiga hesabu ya kubadilisha pesa bila karatasi. Wanaoteseka ni wavuvi. Samaki hawafuati mstari, mvuvi akiwafuata anajikuta ameulizwa karatasi majini, na wapo waliorudi bila nyavu.

Kuhusu mikoko nina furaha isiyofichika. Vanga, Jimbo na Kiwegu wameungana katika chama chao cha msitu, VAJIKI, na kupitia mradi wa Vanga Blue Forest wanalinda zaidi ya hekta 400 na kuuza hewa ya ukaa, yaani kulipwa kwa hewa chafu ambayo mikoko inaifyonza. Pesa zake zinarudi vijijini. Nimekwenda kupanda na kina mama, maji yakiwa yametoka. Mbegu ya mkoko huchomekwa wima kwenye matope: ukiizamisha mno inaoza, ukiiacha juujuu maji yakijaa yanaondoka nayo. Mama mmoja alinishika mkono, akausukuma chini kidogo, akasema, "Hapo, mwanangu. Sasa iache." Kina mama hao wanaujua mchu, mkandaa, msinzi na mlilana kwa kugusa gamba tu, na wanajua upi ulikuwa ukikatwa kwa boriti na upi kwa kuni.

Pamoja na hayo, kinachoninyima usingizi ni mto. Umba unaanzia milima ya Usambara, Tanzania, unateremka nyika, unaingia Kenya na kumwagika baharini karibu na Vanga. Mvua ikipiga Lushoto, sisi huku jua linaweza kuwa linawaka. Kisha maji mekundu yanafika, na yakikutana na bamvua, bahari inapojaa kuliko kawaida, hayana pa kwenda: bahari inasukuma huku, mto unasukuma kule, kijiji kiko katikati. Familia zimewahi kuhama na magodoro kichwani. Vyoo hujaa, visima huingia uchafu, mashamba ya mpunga hulala chini ya tope.

Miaka yote onyo letu la haraka limekuwa ni jamaa. Mtu wa juu ya mto anampigia ndugu yake wa Vanga: "Shikamoo kaka, mto huku umepanda, ondoeni vitu." Kaka anaitikia marahaba na kuanza kugonga milango. Kuna wazee wengi pale walio hai kwa sababu ya simu kama hizo.

Ninachoomba kinawezekana. Vipimo vya maji viwekwe juu ya mto, upande wa Tanzania, na taarifa zake zifike kwa chifu wa Vanga saa ileile zinaposomwa, si baada ya kupita Dodoma na Nairobi. Serikali hizi mbili zimekwisha kuzungumzia kuihifadhi bahari ya hapa kwa pamoja. Mto ni wa pamoja vilevile, na msimu wa mvua hausubiri vikao. Kama una ndugu Mkinga au Lushoto anayeishi kando ya Umba, mwambie aendelee kupiga.