Dirisha lililokataa kufungwa

Leo jioni kijana wa ofisini kanipigia simu mara ya tatu wiki hii: "Dada, imeganda tena. Nichomoe waya?" Nikamwambia asiguse kitu, naja. Kutoka Mwanga hadi mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, kwa bodaboda si mbali, ila njia nzima moyo ulikuwa mzito. Programu hiyo ya kompyuta inayoganda nimeiandika mimi, na humo ndimo zinamowekwa kilo za dagaa wa watu.

Mizani ikipima gunia, seva inaleta uzito papo hapo kupitia ombi moja linaloachwa wazi tangu asubuhi. Boti zikirudi, namba zinamiminika. Mchana kimya, seva hutuma mstari mtupu kila sekunde 15 kuonyesha kwamba ipo.

Nikaketi mbele ya dirisha lile la programu lililopauka kwenye skrini, harufu ya dagaa wanaoanuliwa ikiingia mlangoni, nikaiendesha programu upya hatua kwa hatua. Ikafika kwenye Close(), amri ya kufunga. Haikurudi.

Siku zote nilichukulia kwamba kufunga ni kufunga tu. Kumbe HttpWebRequest, kile kipande cha .NET Framework kinachotuma maombi kwa seva, kabla ya kufunga mkondo wa data, hujaribu kusoma kilichobaki mpaka mwisho, ili muunganisho ubaki safi kwa ombi linalofuata. Kwa ukurasa wa kawaida ni busara, mabaki huwa machache. Mkondo wangu unakuja vipande vipande, na kile kipande cha urefu wa sifuri kinachosema "yamekwisha" hakiji kamwe. Na nilikuwa nimeiweka kazi hiyo kwenye uzi uleule (njia ya utendaji ndani ya programu) unaochora dirisha, ndiyo maana likaganda!

Dawa ni Abort(), amri ya kukatisha, kwanza, ndipo Close(). Abort hukata bila kungoja mabaki. Uzi uliokuwa ukisubiri kusoma huzinduliwa na taarifa ya kosa, WebException, yenye hali ya RequestCanceled, yaani ombi limekatishwa. Nikiwa nimefunga mwenyewe naipokea kimya, kosa jingine lolote linaingia kwenye logi, faili la kumbukumbu. Usomaji nao nimeuhamishia uzi wake.

Nikabonyeza Funga. Likatoweka hapo hapo. Kijana akaomba ajaribu yeye. Akafungua na kufunga mara tano, kisha akazima kompyuta taratibu.

Gunia la mwisho la Jumanne, lililopotea waya ulipochomolewa, bado halimo kwenye hesabu. Kesho alfajiri namfuata mwenye gunia mwaloni nimwombe radhi, tuliandike upya kwa karatasi yake ya mizani.