Ijumaa ya dhoruba Katwijk

Nyumba nzima hakuna aliyekuwa na wasiwasi ila mimi. Ilikuwa Ijumaa, Februari 18, 2022, na dhoruba waliyoiita Eunice ilikuwa inakuja kutoka upande wa Uingereza. Idara ya hali ya hewa ilikwisha tangaza hatari nyekundu kwa mikoa ya pwani ya Uholanzi, Zuid-Holland tuliyokuwa tukiishi ikiwamo. Treni zilikuwa zinasimamishwa, na kule Rijnsburg nilikokuwa nikifunga mashada ya maua tuliambiwa twende nyumbani kabla upepo haujashika kasi. Tulikuwa ndio kwanza tumemaliza pilikapilika za Valentine, mikono yetu imejaa mikwaruzo ya miiba. Mawaridi mengi tuliyoyashika yalitoka Naivasha. Mimi ni mtu wa Kilifi, na kabla ya hapo sikuwahi kuliona waridi la Kenya kwa wingi kiasi kile. Ilibidi nivuke bahari nikalikute ndani ya boksi.

Rijnsburg na Katwijk aan Zee, yaani Katwijk ya baharini nilikokuwa nikiishi, ziko manispaa moja tangu 2006, pamoja na Valkenburg. Ipo pia Katwijk ya pili, ile ya mtoni, Katwijk aan den Rijn. Manispaa ni moja kwenye makaratasi. Ukiwasikiliza wenyewe, Rijnsburg ni watu wa maua na soko la mnada, Katwijk aan Zee ni watu wa samaki, na utani baina yao hauishi. Siku ya kawaida kwa baiskeli ni mwendo mfupi tu. Siku ile upepo ulinikabili uso kwa uso, na kipande kikubwa cha njia niliikokota baiskeli kwa miguu huku mchanga ukinichoma mashavu.

Nilipanga chumba kwa wazee wawili, mtaa wa nyuma ya barabara ya ufukweni. Mzee alikuwa mvuvi wa heringi, keshastaafu. Katwijk ni mji wa wavuvi usio na bandari ya wavuvi. Zamani mashua zao zilikuwa na matako bapa ili zitue mchangani, na farasi ndio waliozivuta. Vyombo vilipokuwa vikubwa, watu wakafuata bandari za kwingine, IJmuiden na Scheveningen. Mzee alikuwa akipanda chombo IJmuiden.

Nilimkuta jikoni anamenya viazi.

"Meneer, leo bahari haitatuingilia humu?"

Alichungulia dirishani mara moja tu. "Huu umetoka kusini-magharibi. Wa kuogopa ni ule wa kaskazini-magharibi."

Akanieleza mambo ya 1953. Usiku wa kuamkia Februari mosi, upepo wa kaskazini-magharibi uliyasukuma maji ya bahari hadi kwenye kona ya kusini, na ilikuwa bamvua. Watu 1,836 walikufa Uholanzi, karibu nusu yao kule mkoa wa Zeeland. Hapo sikuhitaji maelezo zaidi. Mtoto wa pwani anaijua bamvua tangu hajajua kusoma. Nilichokuwa sijawahi kufikiria ni bamvua yenye upepo kama ule mgongoni.

Jioni nyumba ilitikisika kwelikweli. Vigae viliporomoka kutoka paa la jirani, na mapipa ya taka yalipita barabarani yenyewe. Tulipomaliza kula, Bibi alifungua Biblia kama afanyavyo kila siku baada ya chakula. Kigae kikapasuka nje, pwaa! Akanyamaza kidogo, akaweka kidole kwenye mstari aliofikia, akaendelea. Mimi nilikuwa nahesabu umbali kutoka kiti changu hadi mlangoni.

Asubuhi Mzee alinichukua twende ufukweni. Mchanga ulikuwa umelala barabarani malundo malundo, na povu la bahari, rangi ya chai ya maziwa, linatetemeka mlango hadi mlango. Tukapita mnara wa taa wa 1605, mweupe na wa mraba, kisha kanisa la zamani linalotazamana na bahari. Nyumba nyingi za mbele Wajerumani walizibomoa wakati wa Vita Kuu ya Pili walipokuwa wakijenga ngome zao za pwani, ndiyo maana kanisa lile limezungukwa na majengo ambayo ni madogo kwake kwa umri. Upo pia ukumbusho wa wavuvi waliopotea baharini. Mzee hakusimama pale, nami sikuuliza.

Alisimama juu ya vilima vya mchanga, kwenye kijia, nyasi pande zote mbili.

"Ukuta unauona wapi?"

Nikatazama kulia na kushoto. Sikuona ukuta.

"Umeukanyaga."

Chini ya mchanga ule kuna tuta la mawe lililokamilika 2015. Kabla ya hapo sehemu ya mji ilikuwa nje ya kinga ya bahari. Wakalifukia kwa mchanga uliochimbwa baharini, na ubavuni mwake, upande wa mji, wakaficha maegesho ya magari zaidi ya 600. Nilikuwa nimeyapita mara nyingi nikidhani ni vilima vya Mungu.

Halafu kuna mto. Rhine ya zamani inaishia Katwijk. Mdomo wake ulizibwa na mchanga karne nyingi zilizopita, na mwaka 1807 wakaufungua tena kwa milango ya maji. Bahari ikipanda milango hufungwa, na maji ya bara yanasukumwa nje kwa pampu. Yasipotoka, wanaolowa ni watu wa ndani, huko Leiden na kwingineko.

"Wewe jana ulilala?" nikamuuliza.

"Vizuri sana. Nimesali, na kodi ya maji nalipa kila mwaka."

Hakuwa anatania. Bodi ya maji ya Rijnland, inayosimamia kinga ya mafuriko na maji ya eneo lile, ina kodi yake na uchaguzi wake, na Mzee aliizungumza kama mtu anayezungumzia fundi wake wa siku zote: anamlalamikia bei, ila hamwachi.

Kisha naye akauliza Kilifi kuna nini kinachozuia bahari. Nikamwambia kuna mwamba wa matumbawe mbele, unavunja mawimbi kabla hayajafika, na huko ndani ya kijito kuna mikoko.

"Na analipa nani?"

"Halipi mtu."

Akanitazama kwa namna ambayo nilijua hajaniamini. Akasema twende madukani upesi, kesho Jumapili, na Jumapili Katwijk hununui hata mkate. Jumapili yenyewe ikaja dhoruba nyingine, Franklin. Wazee wakaenda kanisani asubuhi na jioni kama kawaida yao. Jumatatu nikarudi Rijnsburg, ambako maboksi yaliyokwama uwanja wa ndege wa Schiphol yalikuwa yametusubiri hadi darini.