Nilivyotenganisha "slip" na "sleep"

Nimepeleka wageni baharini kutoka Shela, kisiwani Lamu, miaka mingi, na Kiingereza changu nilikiamini. Hiyo "th" inayowatesa wengine haijawahi kunishinda. Mtu aliyekua akisema thelathini na dhahabu atachanganyaje "three" na "tree"? Kilichoniangusha ni irabu moja ndogo.

Tulikuwa tunatoka kwenye magofu ya Takwa, kisiwani Manda, maji yameanza kupwa, nami naharakisha tupite mkondo wa mikoko tusije tukakwama. Mama mmoja kutoka Uingereza akainuka aende omoni, mbele ya chombo. Mbao zilikuwa zimelowa, tena hapo hapo tulikuwa tumetoka kupaa samaki magamba. Nikamwita kwa sauti: "Madam, you will slip!" yaani utateleza. Akanigeukia akitabasamu, akajibu kwamba hana usingizi hata kidogo. Hatua ya pili mguu ukateleza, goti likagonga taruma, ule ubavu wa mbao wa chombo. Likavimba kama embe. Nilimfunga kitambaa cha maji baridi, lakini niliumia sana moyoni, maana nilimwonya mapema na masikio yake yakapokea "sleep".

Nikaenda kwa mwalimu mmoja wa kozi, nikatoa elfu tatu na ushei. Dawa yake ilikuwa moja tu: "sleep" ivute, "slip" ikate. Wiki mbili nzima nikakata mpaka koo likauma, na wageni bado wanasikia usingizi. Ushauri huu kila mtu anao, na unaniudhi mpaka leo, kwa sababu urefu siyo jambo kuu. Irabu ya "bid" inaweza kuchukua muda sawa na ya "beat", na Mwingereza hazichanganyi.

Aliyenifumbua macho ni mgeni mwingine, aliyekuwa akijifunza Kiswahili. Alisifu paa la nyumba yetu ya makuti, lakini akalitamka kwa pumzi, nikasikia paa yule mnyama wa porini. Sisi Waamu hayo ni maneno mawili kabisa, ingawa huandikwa sawa na wabara wengi hawasikii tofauti. Nikachana kijikaratasi, nikakishika mbele ya midomo yangu. Paa wa porini: karatasi ikapepea. Paa la nyumba: ikatulia tuli. Nikampa yeye. Alijaribu mara kumi, na mara zote kumi karatasi ikapepea. Nikamwambia apunguze pumzi, asihangaike na urefu wa neno. Maneno hayo yakanirudia mwenyewe usiku kucha: nami nilikuwa nahangaika na urefu.

"I" yetu ya "pita" iko karibu na ile ya "sleep": midomo imetanuka, ulimi umekaza juu. Kwa "slip" nililegeza midomo, nikashusha ulimi kidogo, kama mtu anayeelekea kusema "peta" akaghairi njiani. Jitazame kwa kamera ya simu. Ukiona midomo imetanuka kama ya kutabasamu, umerudi kwenye "sleep". Siku chache tu, "live" ikaachana na "leave", "fill" ikaachana na "feel". "Hat", "hut" na "heart" bado nazifanyia kazi. Kiingereza cha Uingereza huhesabiwa irabu kama 20, sisi tunazo tano.

Juzi mbao zilikuwa zimelowa vile vile, kijana akainuka. Nikamwambia, "You will slip." Akashika kamba kwanza, ndipo akapiga hatua.